Kwa wawezeshaji wapya: nauli, kadi na ule ukuta

Jumamosi iliyopita nilikaa nyuma ya ukumbi mmoja Kisauni, Mombasa, nikiwatazama wawezeshaji wetu wapya wawili. Vijana thelathini na kitu, mada ni haki za mtu aliyekamatwa. Hata chai haijapoa, mmoja akauliza kwa uchangamfu wote: "Nani hapa ameshawahi kulala selo? Inua mkono!" Naibu wa chifu yuko safu ya pili, soda mkononi. Ukumbi mzima ukaanza kutazama feni.

Siku ile nilinyamaza. Leo nasema, wadogo zangu, maana makosa hayo niliyafanya kabla yenu, tena mimi niliyafanya kwa ustadi zaidi.

1. Mgeni wa heshima afungue, apigwe picha, aende zake. Hakuna kijana wa maskani atakayewasema makarau, yaani polisi, mbele ya mtu ambaye kesho atamwendea kuomba barua ya kitambulisho.

2. Katiba ya Kenya msiisome kama khutba. Kifungu cha 49 kila mtu anakijua kwa "masaa 24", kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya muda huo, halafu kijana anawauliza mbona rafiki yake alikamatwa Ijumaa jioni akaona hakimu Jumatatu, nanyi mnababaika. Jibu limo mumo humo: masaa hayo yakiishia siku ambayo si ya mahakama, apelekwe kabla siku ya mahakama inayofuata haijaisha. Anzieni hapo. Hiyo Ijumaa wanaijua kuliko nyinyi. Na maandamano, polisi hupewa notisi siku 3 hadi 14 kabla. Notisi, si maombi ya ruhusa. Semeni mara mbili.

3. Zoezi la hatua mbele. Hapa nitakaa kidogo.

Mnalijua: watu wanapanga mstari, unasoma sentensi, mwenye nafasi anasogea mbele, asiye nayo anabaki alipo au, kwa wengine, anarudi nyuma. Katika Compass, mwongozo wa Baraza la Ulaya wa 2002 wa kufundishia haki za binadamu, kila mtu hupewa kadi ya mhusika wa kubuni, akatembea kwa miguu ya huyo mhusika. Kadi zile nilikuwa nazo kwenye flashi. Nilipofika kwa jamaa wa fotokopi ilikuwa Ijumaa, kafunga, kenda kuswali. Badala ya kungoja nusu saa, nikajiambia: kadi za nini, si watatumia maisha yao wenyewe? Itakuwa na uzito zaidi.

Uzito ulikuwepo. "Rudi nyuma kama umewahi kufukuzwa shule kwa karo." "Rudi nyuma kama jana hamkupika." Palikuwa na kijana mmoja, kandambili za buluu, kila sentensi anarudi. Sentensi ya sita kisigino chake kikagusa ukuta. Nikamwambia, kwa sauti ya kialimu kabisa, "simama hapo hapo," nikasoma nyingine tatu. Kila nikisoma, alikuwa anaukanyaga ukuta kidogo kwa kisigino, tap, kuonyesha kwamba angerudi kama pangekuwa na pa kurudi. Kisha nikawaambia wa mbele wageuke watazame. Wakageuka, wote. Mmoja akacheka, si kwa ubaya, ni kile kicheko cha mtu asiyejua macho ayapeleke wapi.

Kwenye ripoti ya mfadhili niliandika kwamba washiriki "waliguswa sana".

Siku ya pili hakuja. Wiki ya tatu nikasikia maskani wanamwita Ukuta. Nilimkuta anaosha pikipiki karibu na steji ya boda. Alinisalimia vizuri, akanipa ndoo niigeuze nikae. Nikaomba radhi. Akasema, "Mwalimu, mimi umaskini wangu nilikuwa naujua. Darasa lilikuwa la wale wa mbele, mimi nilikuwa ubao." Akaendelea kusugua rimu. Sikuwa na la kujibu, na hadi leo sina. Jina lile bado analo, ana mke sasa, na mkewe pia anamwita hivyo.

Kwa hiyo chapisheni kadi. Fotokopi ikifungwa, andikeni kwa mkono. Na mtu akishatoka kwenye uhusika, mpeni muda wa kuivua kadi na kulitaja jina lake mwenyewe kabla hamjaanza mjadala.

4. Nauli ya washiriki iwe ya chenji. Mkija na noti za elfu mtatumia saa nzima mkiwaoanisha watu watatu watatu, na wa Likoni watawakasirikia: feri kwa waendao kwa miguu ni bure, lakini matatu ya ng'ambo si bure.

5. Wasichana waondoke kabla ya Maghrib. Mkichelewesha mara moja, mama zao hawatawapa mara ya pili.

6. Picha: ulizeni kwanza. Mtu mmoja mmoja, si "kuna mwenye pingamizi?"

Jumamosi hii tuko tena ukumbi uleule. Kadi nitakuja nazo mimi. Naibu wa chifu nimeshampigia simu, nimemwambia tunaanza saa saba. Saa saba ndiyo pilau.