Kona ya Mzee Kipenga: Mechi 36, Ushindi Sufuri

Tangu tuguse vilabu vidogo vya Uskoti katika toleo lililopita, barua hazijakatika. Sikujua Mombasa hii ina watu wengi hivi wanaofuatilia mpira wa daraja la nne la nchi ya baridi. Nimechukua nne.

*Mzee Kipenga, shikamoo. Kaka yangu anasoma Dundee. Kila Jumamosi ananitumia matokeo ya huko, na juzi tumekosana. Anashikilia kwamba kuna timu, Brechin City, iliyomaliza ligi nzima bila kushinda hata mara moja na kocha wake asifukuzwe. Nimemwambia hizo ni hadithi za kuwafurahisha wageni. Nani mkweli?*
*Msomaji, Kisauni*

Marahaba mwanangu. Mkweli ni kaka yako, kwa hiyo mtumie salamu nzuri leo kabla hajalala.

Msimu wa 2017/18 Brechin City walicheza mechi 36 katika Championship, ambayo ndiyo ligi ya pili kule. Walitoka sare nne. Zile 32 zilizobaki walifungwa. Pointi nne msimu mzima! Ukitaka kumpata mwenzao katika ligi za Uskoti inabidi urudi hadi Vale of Leven wa 1891/92, na hao walikuwa na mechi 22 tu za kuvumilia, tena wakaambulia sare tano.

Sasa, watu wakiona jedwali kama hilo hucheka na kufunga ukurasa. Mimi nakuomba urudi nyuma mwaka mmoja. Brechin ni mji wa watu kama elfu saba. Ungewaleta wote Kongowea siku ya soko, wasingeonekana. Uwanja wao unaitwa Glebe Park, na upande mmoja una ua wa miti uliokatwa ukanyooka, pale ambapo wengine wangejenga jukwaa. Wachezaji wana kazi zao za mchana, mazoezi ni jioni. Msimu wa 2016/17 walikuwa League One, ligi ya tatu, wakamaliza wa nne. Kwetu wa nne hupewa pole akaenda nyumbani. Kule bingwa hupanda moja kwa moja, kisha wa pili, wa tatu na wa nne huingia kwenye mchujo pamoja na timu iliyoshika nafasi ya tisa ligi ya juu. Brechin wakapenya humo, na fainali wakaitoa Alloa Athletic kwa penalti.

Nina hakika usiku ule hakuna aliyelala Brechin. Ilipofika Agosti wakajikuta meza moja na St Mirren, Dundee United, Falkirk na Inverness, timu ambazo mchezaji wake akiamka asubuhi kazi yake ni mpira na si kingine. Fedha za Brechin ni zile zile, na nguvu ni za watu waliotoka kazini saa kumi na moja. Matokeo unayajua.

Kuhusu kocha: anaitwa Darren Dods, na ndiye aliyewapandisha. Alimaliza msimu ule akaachiwa aanze na uliofuata. Wako wanaosema viongozi walilala. Mimi siwalaumu. Ukimfukuza kocha unamlipa, kisha unamlipa na anayekuja, na huyo anayekuja anawakuta mabeki wale wale.

Ila kinachonivutia mimi, niliyeshika kibendera miaka mingi pembeni ya viwanja vya Tononoka na Majengo, ni kwamba zile mechi 36 zilichezwa zote. Hebu fikiria. Umeshafungwa mara ishirini, ni Jumamosi ya Februari, mvua ya baridi, mechi ni Inverness kaskazini kabisa, na wachezaji kumi na mmoja wanapanda basi. Timu zetu za madaraja ya chini huku pwani huanza ligi na jezi mpya na dua ya sheikh. Ikifika safari ya tatu ya mbali, basi halina mafuta, wanafika wachezaji wanane, wenyeji wanapewa pointi za mezani. Katikati ya msimu jina linafutwa, na vijana hawajui waende wapi. Nimeandika ripoti za namna hiyo mpaka kalamu ikaisha wino. Wale wa Brechin hawakumnyima mtu mechi.

Kuanguka hakukuishia hapo. 2019 walishuka tena mpaka League Two, ligi ya nne na ya mwisho. 2020 walikuwa mkiani, korona ikaingia, ligi ikakatizwa na mchujo wa kushuka haukuchezwa, wakasalimika. 2021 Kelty Hearts wakawatoa kwenye mchujo huo kwa jumla ya mabao 3-1, na Brechin wakaenda kucheza Highland League, nje kabisa ya zile ligi nne. Miaka miwili baadaye wakawa mabingwa wa huko! Wakarudi kugonga mlango 2023, na Spartans ya Edinburgh ikawafungia kwa penalti. Kutoka Dundee hadi Brechin si mbali. Mwambie kaka yako aende Jumamosi moja, alipe kiingilio, badala ya kukutumia matokeo tu.

*Mzee, niliweka mkeka wa timu tano za Uskoti, mechi moja ikaahirishwa eti kwa baridi. Mpira unaahirishwaje kwa baridi? Halafu mbona timu ni zile zile kila wakati?*
*Kijana wa Likoni*

League Two ina timu kumi tu, ndugu yangu. Kila timu hukutana na mwenzake mara nne, mbili nyumbani na mbili ugenini, ndiyo maana unaona majina yanazunguka. Na baridi ya huko hugandisha ardhi, njumu zisiingie. Refa hukagua uwanja asubuhi, akiona mtu atavunjika mguu anasema leo hakuna. Huko Arbroath uwanja uko pembezoni mwa bahari hasa, na dhoruba ikija maji huruka ukuta. Wewe wa Likoni, unayezoea feri kusimama, hilo halikushangazi.

Mkeka sina ushauri nao. Kocha mwenyewe asubuhi hajui mchezaji wake aliye fundi wa umeme atatoka kazini saa ngapi.

*Kaka Kipenga, assalaam aleikum. Mume wangu amestaafu bandarini. Zamani baharia mmoja Mskoti alimpa skafu ya timu ya Cowdenbeath, na tangu siku hiyo ndiyo timu yake. Kila Jumamosi jioni ameinamia simu, chai inapoa. Tangu washuke daraja, amenuna. Mimi timu hiyo sijawahi kumsikia mtu mwingine akiitaja. Nimfanyeje?*
*Bi wa Mji wa Kale*

Waaleikum salaam dada yangu. Kwanza mshukuru Mungu. Kuna waume wa rika lake ambao Jumamosi jioni hawajulikani walipo.

Mumeo hakuchagua vibaya, alichagua pagumu. Cowdenbeath ni mji uliokuwa wa makaa ya mawe, jimbo la Fife. Uwanja wao una njia ya lami iliyozunguka nyasi, kwa sababu hapo hapo hushindanisha magari yanayogongana makusudi, kwa hiyo mashabiki wanautazama mpira kwa mbali. Jezi ni bluu, na wenyewe wamejiita Brazil ya Bluu. Kwa dhihaka, dada. Mwaka 2015 Hearts ya Edinburgh iliwapiga 10-0. Jina halikubadilika.

Huko kushuka alikonunia nako kuna sura yake. Tangu msimu wa 2014/15, wa mwisho League Two hucheza mchujo na timu kutoka chini: miaka hiyo bingwa wa Highland League na bingwa wa Lowland League, ligi mwenzake ya kusini, walipambana, mshindi akaja kwa huyo wa mwisho. Kabla ya hapo, wa mwisho alikuwa anakaa pale pale mwaka hadi mwaka, hana aibu wala hofu. Cowdenbeath waliponea humo 2017, kwa penalti dhidi ya East Kilbride. Wakaponea tena 2018 kwa Cove Rangers, 3-2. Mumeo moyo wake ulipita humo mara mbili, na wewe ulikuwa unauliza kwa nini hali chakula. Mwaka 2022 wakakutana na Bonnyrigg Rose, na safari hiyo hakukuwa na pa kuponea.

Mwambie walimtangulia wakubwa. East Stirlingshire, timu ya kwanza kushuka kwa njia hiyo, mwaka 2016, ndiko Alex Ferguson alikoanzia ukocha mwaka 1974. Berwick Rangers, waliowahi kuitoa Rangers ya Glasgow katika Kombe la Uskoti kwa 1-0 mwaka 1967, walishushwa 2019 kwa jumla ya 7-0. Ananuna pamoja na watu wa maana.

La chai ni rahisi. Mechi zao huanza saa tisa alasiri, na wakati wa baridi yao hiyo ni saa kumi na mbili jioni kwetu. Adhana ya magharibi inamkuta kipindi cha kwanza. Mwache aswali, mpelekee kahawa na kaimati wakati wa mapumziko, usimuulize wangapi. Saa zao za kiangazi zikianza, mechi kwetu inaanza saa moja mapema, saa kumi na moja, na swala inamkuta kipindi cha pili. Hapo omba timu iwe inaongoza.

*Mzee Kipenga, nina miaka 19, nacheza winga Changamwe. Mtu mmoja ameniambia atanipeleka majaribio klabu ya League Two Uskoti. Anataka elfu themanini za fomu. Mama yuko tayari kuuza mbuzi.*
*Winga*

Mbuzi wasiuzwe.

Vilabu hivyo wachezaji wake wanalipwa kidogo kwa sababu wana kazi nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 East Stirlingshire walikuwa wakimlipa mchezaji pauni kumi kwa wiki, na msimu wa 2003/04 walimaliza na pointi nane. Pauni kumi haikupi chumba wala nauli. Klabu ya namna hiyo humchukua fundi bomba wa mtaa wa pili, haina uwezo wa kumtafutia Mkenya kibali cha kazi. Kibali chenyewe kinaombwa na klabu na kupitishwa na shirikisho, kwa kuangalia umecheza wapi na kwa kiwango gani. Fomu ya elfu themanini haimo katika njia hiyo.

Victor Wanyama alifika Celtic mwaka 2011 akitokea Beerschot ya Ubelgiji, ambako alikuwa tayari mchezaji wa kulipwa. Tarehe 7 Novemba 2012 akawafunga Barcelona kwa kichwa, Mkenya wa kwanza kufunga Ligi ya Mabingwa. Celtic walimnunua wakimjua.

Fanya hivi. Mwombe huyo bwana jina la klabu, kwa maandishi, mbele ya mama. Kisha iandikie klabu wewe mwenyewe, kwa Kiingereza chepesi, uwaulize kama wanamfahamu. Vilabu vidogo vya kule hujibu barua, mara nyingi katibu ni mzee kama mimi. Wakati unangoja jibu, nenda Mbaraki, Bandari wakicheza, ukae upande wa winga wao na umtazame yeye tu, awe na mpira au asiwe nao.

Na yule bwana akikasirika kwa kuulizwa jina, mfungulie mlango aondoke na fomu zake.