Barua pepe ya kampuni ya intaneti: ni ya kweli au ya tapeli?

Mkuu, swali lako lilishanigharimu hela, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa urefu. Umesema umepata barua pepe yenye nembo ya kampuni inayokupa intaneti, jina lako kamili limo, na wanataka uhakiki akaunti ndani ya saa 24 la sivyo wanakata huduma. Usibonyeze kitu kwanza.

Mimi nina duka la steshenari Tabata. Nachapa, naskani, najazia watu fomu za mtandaoni. Intaneti ikikatika siku hiyo nimekaa bure. Mwaka juzi, msimu wa wanafunzi kuomba mikopo ya chuo, foleni imefika barazani, ikaingia barua pepe: malipo yako hayajaonekana, huduma inasitishwa leo jioni. Nembo ileile, rangi ileile, hadi yale maandishi madogo ya chini yenye anwani ya ofisi yao. Na namba ya kulipia imewekwa hapohapo. Nikalipa shilingi 70,000 huku mkono mwingine unampa mteja karatasi zake. Jina la mpokeaji lilitokea kwenye simu kabla sijakamilisha, jina la mtu binafsi, na nililiona kwa macho yangu. Nikajiambia labda ni mhasibu wao. Jioni nikapiga simu kwenye kampuni, wakaniambia sidaiwi hata senti.

Ningeishia hapo ungesema basi, chochote kinachotisha ni utapeli. Sivyo. Miezi kadhaa baadaye ikaja nyingine, hii imeandikwa hovyo, haina nembo, imetoka kwenye anwani ambayo sijawahi kuiona, inasema utaratibu wa ankara umebadilika. Nikaifuta kwa hasira. Baada ya siku chache intaneti ikakatwa kweli. Kumbe walikuwa wamempa mtu wa nje kazi ya kutuma ankara, na hawakututangazia wateja. Ile nzuri ilikuwa ya uongo, ile mbovu ilikuwa ya kweli. Tangu hapo nimeacha kabisa kupima barua kwa sura yake, na naomba nawe uache.

Jina lako kuwemo lisikupumbaze. Majina na namba zetu za simu zimezagaa, kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye daftari za wageni getini, kwenye risiti. Hata namba ya akaunti ya mteja si siri: kwangu fundi aliiandika kwa maka peni juu ya ruta, na kila anayeingia dukani anaiona.

Kitu cha kukagua ni anwani, na hapa nenda taratibu. Jina linaloonekana kwa juu halina maana yoyote, mtumaji analiandika mwenyewe anavyotaka. Kanuni za kusafirisha barua pepe zilizoandikwa mwaka 1982 hazikuweka namna ya kumhakiki mtumaji, ni sawa na mtu kujiandikia jina nyuma ya bahasha. Kwa hiyo gusa hilo jina hadi anwani yote ifunguke, uangalie kilicho baada ya alama ya @. Linki nayo usiiguse mara moja. Kwenye simu ibonyeze na kuishikilia mpaka anwani itokee, kisha usome.

Tuseme tovuti ya kampuni yako ni mfano.co.tz. Ukiona malipo.mfano.co.tz, hiyo ni ya kwao. Ukiona mfano.co.tz.malipo-ankara.com, hiyo si ya kwao hata kidogo, ni ya mtu aliyesajili malipo-ankara.com halafu akabandika jina la kampuni mbele. Tafuta mkwaju, yaani alama ya /, wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma kurudi nyuma kuelekea kushoto. Mwenye nyumba yuko mwishoni, jirani na huo mkwaju. Macho yetu yamezoea kuanza kushoto, na matapeli wanalijua hilo. Kufuli dogo linaloonekana kwenye baadhi ya vivinjari lisikutulize pia. Linasema mawasiliano yamefichwa njiani tu, na cheti chake kinapatikana bure, tapeli anacho kama wewe.

Kama una kompyuta, kwenye Gmail bonyeza vidoti vitatu vya ujumbe uchague kuona ujumbe wa asili (Show original). Juu utakuta mistari ya SPF, DKIM na DMARC, kila mmoja ukiwa na neno PASS (imepita) au FAIL (imefeli). SPF inaangalia kama seva iliyotuma imeruhusiwa na mwenye jina la tovuti, DKIM ni sahihi ya kidijitali ya ujumbe, na DMARC inalinganisha hayo mawili na anwani unayoiona wewe. Sasa hapa wengi wanateleza. PASS inathibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye jina hilo la tovuti. Haisemi kwamba jina hilo ni la kampuni yako. Yule wa malipo-ankara.com anaweza kupata PASS zote tatu bila shida.

Kwa hiyo hata hayo yote ninayatumia kama dalili tu. Uamuzi naufanya hivi: barua nimeifunga, nachukua mkataba wa karatasi niliosaini siku ya kufungiwa huduma, napiga namba iliyo pale. Au nafungua programu yao niliyoweka mwenyewe kwenye simu, naangalia deni. Kama kweli nadaiwa, deni litaonekana huko pia. Namba ya simu iliyo ndani ya barua siipigi kamwe, maana atakayepokea ni yuleyule aliyeiandika. Na malipo yakitoa jina la mtu badala ya kampuni, nasimama hapohapo, foleni iwe ndefu namna gani.

Kiambatisho ukiona "ankara" inayoishia na .html au .zip, usifungue. Ile ya .html hufungua ukurasa wa kukuomba nywila, na nywila ya barua pepe ndiyo funguo ya kila kitu chako kingine.

Kama umeshabonyeza ukaandika nywila, badilisha sasa hivi ukitumia kifaa kingine, na kila mahali ulipotumia nywila hiyohiyo. Washa uhakiki wa hatua mbili, kisha angalia kwenye mipangilio kama hawajaweka amri ya kupeleka nakala za barua zako kwingine. Hiyo watu wengi wanaisahau. Kama umetuma pesa, pigia mtandao wako wa simu dakika hiyohiyo. Mimi nilisubiri mpaka jioni, nikaambiwa zimeshatolewa. Namba ya tapeli itume TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwa 15040, halafu nenda polisi na ujumbe wa muamala.

Ukipenda, weka hapa kile kilicho baada ya @ na ile anwani ya linki, tuisome pamoja. Jina lako na namba ya akaunti vifute kwanza kabla hujapandisha picha.