Wimbo Unaobeba Hadithi: Kwa Wewe Unayeanza Kuandika Filamu za Katuni

Kila mwaka huwapokea vijana wanaotaka kuandika filamu za katuni za watoto, na kazi ya kwanza ninayowapa ni ile ile: waitazame Beauty and the Beast ya mwaka 1991 wakiwa na daftari, na kila wimbo unapokwisha waandike ni nini kimebadilika. Wengi hushangaa. Waliiona utotoni, wanaikumbuka kuwa ni hadithi ya mapenzi kati ya binti mpenda vitabu na mwana wa mfalme aliyegeuzwa zimwi, na hawaoni filamu ya dakika 84 iliyotengenezwa kabla hawajazaliwa itawasaidia nini kuwaandikia watoto wa Mbagala au wa Kisumu. Mimi ninavyoielewa, filamu hii haichuji kwa sababu nyimbo zake hazikuwekwa kupamba. Ukiutoa wimbo mmoja, hadithi inakatika.

Jambo hilo sikulijua nilipoanza. Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika 22, juu ya Sungura na kisima cha wanyama, na niliijaza nyimbo tano kwa sababu nilidhani watoto hupenda nyimbo popote zinapowekwa. Tuliionyesha kwa wanafunzi wa darasa la pili, madirisha yakiwa yamezibwa kwa khanga na picha ikipiga ukutani. Wanyama walipozungumza, watoto walitulia. Kila wimbo ulipoanza, waligeukiana wakaanza kuongea, na katika wimbo wa tatu mtoto aliyekaa karibu nami alitoa embe bichi na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, akamgawia jirani yake bila haraka, akijua kwamba hakuna kitakachompita. Wimbo ulipokwisha, alifunga karatasi yake akageukia ukutani tena. Mtoto yule alikuwa amenionyesha mahali hasa ambapo hadithi yangu ilikuwa imesimama.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba nilikuwa nimesahau jambo ambalo bibi yangu alilifanya kila jioni bila kulifundishwa na mtu. Utakuwa unaifahamu ngano ya binti aliyekwenda pwani na wenzake, akasahau kombe lake juu ya mwamba, aliporudi kulichukua akakamatwa na zimwi likamtia ndani ya ngoma. Zimwi linapita kijiji kwa kijiji likipiga ngoma, binti anaimba humo ndani, watu wanastaajabu na kulipa zimwi chakula, hadi siku linapofika kijijini kwao binti na mama yake anaitambua sauti. Jaribu kuisimulia ngano hiyo bila wimbo. Mama hatamtambua mwanawe, ngoma haitafunguliwa, na wewe hutakuwa na mwisho wa kuwapa waliokuzunguka. Ndiyo maana wasimulizi wetu waliwafundisha wasikilizaji kiitikio mapema, ili wimbo ule unaposikika mara ya mwisho kila mtu aliyepo awe ameutambua sambamba na mama.

Ukiwa na hilo moyoni, fungua sasa dakika za mwanzo za Beauty and the Beast. Baada ya utangulizi unaosimuliwa kwa picha za vioo vya rangi, Belle anatoka nyumbani asubuhi akiwa na kikapu na kitabu, na wimbo unaanza. Anampita mwokaji mikate, anaingia duka la vitabu kurudisha alichoazima na kuomba kile ambacho amekwisha kukisoma, mwenye duka anampa kiwe chake kabisa. Anaketi ukingoni mwa chemchemi kuwasimulia kondoo yaliyomo, na kondoo mmoja anang'ata pembe ya ukurasa. Wakati huo huo wanakijiji wanamsema, huyu kutoka dirishani, yule kutoka kwenye meza ya samaki, nao hawafichi kwamba wanamwona mzuri lakini si wa kawaida. Kabla wimbo haujakwisha Gaston, mwindaji wa kijiji, ameingia, na tumekwisha kujua kwamba anataka kumwoa na kwa nini. Katika muda wa takriban dakika tano tumepewa mahali, binti, kiu yake, upweke wake na adui yake. Mwandishi anayeanza angehitaji mandhari manne ya mazungumzo kutueleza hayo, na angetuchosha kabla ya kufika nusu. Mtazame pia Belle kwa macho ya mchoraji: kijiji kizima kimevaa rangi za udongo na majani, yeye peke yake amevaa buluu.

Wanafunzi wangu hubisha zaidi juu ya wimbo wa karamu, ule ambao watumishi wa kasri, waliogeuzwa mshumaa, buli na sahani pamoja na bwana wao alipogeuzwa zimwi, wanamwimbia Belle mezani. Huo ni pambo tupu, huniambia. Nawarudisha nyuma kidogo. Zimwi, aliyemfungia Belle kasrini badala ya baba yake, amekwisha kuamuru kwamba Belle asipokula pamoja naye, asile kabisa. Kwa hiyo watumishi wanapomwandalia chakula wanavunja amri ya bwana wao, na furaha yote ile ya visahani vinavyoruka ni uasi. Katikati ya shangwe mshumaa anatueleza machungu ya mtumishi ambaye kwa miaka hana wa kumtumikia. Wimbo unaanza Belle akiwa mfungwa na unakwisha akiwa mgeni, na ni kwa ujasiri wa mgeni kwamba anathubutu kwenda sehemu ya kasri aliyokatazwa, anakolikuta waridi linalopukutika, ambalo likimalizika Zimwi hatarudi tena kuwa binadamu. Isitoshe, wimbo huu uliandikwa kwanza uimbwe kwa baba yake Belle, ambaye ndiye aliyetangulia kufika kasrini. Watengenezaji walipotambua kwamba wanampa mtu wa pembeni wimbo mkubwa kiasi hicho, waliuhamishia kwa Belle. Wewe nawe jiulize, kila unapotunga: wimbo huu ni wa nani, na je, huyo ndiye mwenye hadithi?

Wimbo wa baa wa kumsifu Gaston sitauchambua sana. Inatosha usikilize jinsi unavyoanza kwa kicheko na mapovu ya pombe, kisha unaporudiwa, kwa mahadhi yale yale, unageuka kuwa njama ya kumfungia baba yake Belle katika nyumba ya wendawazimu.

Ninapenda kukaa zaidi kwenye sehemu ya filamu yenye theluji. Wakati wa chakula Zimwi hawezi kushika kijiko, uso wote umejaa uji, na Belle, badala ya kucheka, anaweka kijiko chake chini na kuinua bakuli anywe hivyo hivyo. Ni hatua moja kutoka kwake na hatua moja kutoka kwa Zimwi, wakakutana katikati ya meza. Nje, ndege wanakataa kula mkononi mwa Zimwi hadi anapotulia. Hapo wimbo unaingia, na utaona kwamba midomo yao haifumbuki: kila mmoja anaimba moyoni, kwa sababu bado hawana ujasiri wa kumwambia mwenzake. Waliosema zimwi likujualo halikuli likakwisha walikuwa wakizungumzia kujulikana na zimwi, ilhali hapa binti naye analijua zimwi, na kule kujuana ndiko kunakoimbwa. Mahali hapo palikuwa na wimbo mwingine, mrefu sana, wa watumishi wakitamani kurudi kuwa binadamu. Ulikuwa mzuri, hata ukaja kutumika katika tamthilia ya jukwaani ya Broadway, New York, iliyoanza mwaka 1994, lakini katika filamu ulivuruga mwendo wa wakati, ukaondolewa na huu mfupi ukaandikwa badala yake. Siku utakapolazimika kuuondoa wimbo unaoupenda, nakuomba ukumbuke kwamba waliokutangulia waliondoa wenye thamani kubwa zaidi.

Wimbo wenye jina la filamu unaimbwa na buli, Bi Potts, wala si na wapendanao. Angela Lansbury, aliyempa sauti, aliona haukumfaa, kisha akauimba studioni kwa mkupuo mmoja na huo ndio tunaousikia hadi leo. Ukumbi wanamochezea dansi ulitengenezwa kwa kompyuta, jambo lililokuwa jipya wakati ule, na macho yetu yanashuka kutoka kwenye taa kubwa ya dari hadi kwao kana kwamba tunaruka. Hata hivyo ninachokuomba ukitazame ni kinachofuata baada ya muziki kunyamaza. Zimwi anamwona Belle akiwa na wasiwasi juu ya baba yake, naye anamwachilia aende, akijua kwamba petali za waridi zimekaribia kwisha na pamoja nazo tumaini lake. Hapo hapana wimbo. Pana maneno machache, na baadaye mngurumo. Wapo wanaouliza, tena kwa haki, iweje tuwapende watoto wetu halafu tuwape hadithi ya binti anayempenda aliyemfungia. Silikwepi swali hilo, na kila anayewaandikia watoto anapaswa kulibeba. Ninachoweza kusema ni kwamba filamu yenyewe imelijua: binti hatamki mapenzi yake hadi mlango umefunguliwa naye amerudi kwa hiari yake.

Uamuzi mwingi wa namna hii ulitokana na Howard Ashman, mtunzi wa maneno ya nyimbo, aliyefanya kazi na Alan Menken, mtunzi wa muziki. Wote wawili walitoka kwenye jukwaa la tamthilia, ambako wimbo usiosogeza mambo huonekana mara moja kwa jinsi watu wanavyojigeuza kwenye viti. Hadithi yenyewe ilikuwa ya zamani: Gabrielle-Suzanne de Villeneuve aliichapisha Ufaransa mwaka 1740, ikiwa ndefu mno, na Jeanne-Marie Leprince de Beaumont akaifupisha mwaka 1756. Ashman alitaka vyombo vya kasri viwe watu kamili wenye hofu na matumaini yao. Wakati huo alikuwa mgonjwa wa UKIMWI, na wenzake walisafiri kutoka California kwenda kufanya kazi karibu na nyumbani kwake, katika jimbo la New York. Alifariki tarehe 14 Machi 1991, akiwa na miaka 40, miezi minane kabla filamu haijatoka. Katika tuzo za Oscar za mwaka uliofuata, Beauty and the Beast ilikuwa filamu ya kwanza ya katuni kuteuliwa kugombea tuzo ya filamu bora, na wimbo wenye jina lake ukashinda. Siwezi kuutazama mwisho wake, pale yanapotokea maneno ya kumshukuru, bila kuguswa.

Najua utakaloniambia baada ya haya yote, kwa kuwa nalisikia kila mwaka: wao walikuwa na fedha, wachoraji na kompyuta, wewe una kompyuta mpakato moja na umeme wa kubahatisha. Basi fahamu kwamba mwezi Septemba 1991 filamu hii ilionyeshwa katika tamasha la filamu la New York ikiwa haijakamilika. Takriban asilimia 30 yake ilikuwa bado michoro ya penseli, mingine haijaunganishwa hata kutembea vizuri, isiyo na rangi. Waliohudhuria walisimama na kupiga makofi kwa muda mrefu. Nyimbo na mpangilio wa hadithi vilikuwa tayari, na hivyo viwili vinaandikwa kwa kalamu.

Mimi niliirudia filamu yangu ya Sungura. Nilichukua muswada nikaziba kila wimbo kwa kiganja, nikasoma kilichokuwa juu na kilichokuwa chini yake, na nyimbo nne kati ya tano hazikuacha pengo lolote. Nilizitoa. Ule uliobaki niliuandika upya: Kobe, akiwa amejificha kisimani chini ya maji, anausikia wimbo ambao Sungura huimba akija kuiba, na kwa wimbo huo anajua ni wakati wa kumkamata mguu. Niliwafundisha watoto kiitikio mapema, kama alivyofanya bibi. Tulipoionyesha tena, katika shule ile ile, Sungura alipoanza kuimba akikaribia kisima darasa zima liliacha kumwitikia. Walinyamaza ghafla, mmoja mmoja, wakimtazama Kobe.