Kabla hujasaini na kampuni ya programu, uliza funguo zitakaa kwa nani

Mkuu, umesema una biashara ya usambazaji, unataka mfumo wa kupokea oda na kufuatilia stoo, na kampuni tatu zimekuletea bei. Ya kwanza ni rahisi sana, ya pili ina jina kubwa na inataka karibu mara nne ya hiyo, ya tatu ni ndogo na badala ya bei imekurudishia maswali kurasa mbili. Unauliza uchukue ipi. Nimepita njia hiyo mara mbili, ya kwanza ikaniumiza, kwa hiyo nakuandikia kwa urefu.

Mara ya kwanza nilichagua kwa macho. Kampuni ilikuwa na tovuti inayovutia, kijana wa mauzo anajibu ujumbe hata usiku, na kwenye kikao cha kwanza alikuja na picha za mfumo zenye nembo yetu tayari. Nikalipa asilimia 60 siku ya kusaini. Kila Ijumaa nikawa naonyeshwa skrini mpya, nikaridhika. Kumbe zilikuwa skrini tu, nyuma yake hakuna kilichounganishwa. Ilani ya Agile ya mwaka 2001, tamko kuhusu namna bora ya kutengeneza programu lililoandikwa na watengenezaji 17, inasema kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Mimi nilikuwa napima kwa picha.

Tulipoanza kuutumia, asubuhi moja mtunza stoo akaniita. Kwenye skrini imeandikwa "Imebaki: -3". Rafu iko tupu, na wateja watatu wanasubiri mzigo walioulipia. Wauzaji wetu walikuwa wanauza bidhaa moja kwa wakati mmoja: kila mmoja mfumo unamwambia mzigo upo, kisha wote wanaukata mzigo huohuo kwenye hesabu. Hifadhidata ina njia ya kuzuia hilo, unaifunga ile rekodi mpaka muuzaji wa kwanza amalize. Ni jambo la msingi kabisa, lakini aliyetuandikia hakuwahi kuuliza kama tuna muuzaji zaidi ya mmoja.

Nikapiga simu. Kijana wa mauzo akaanza kupokea kwa kuchelewa, baadaye hapokei kabisa. Fundi aliyeandika mfumo alishaacha kazi pale. Nikaomba msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ili nitafute mtu mwingine, wakanitumia faili moja lililobanwa. Fundi mpya akalifungua mbele yangu: maelfu ya herufi zimeshonana kwenye mstari mmoja, hakuna aya, hakuna maelezo. Lile lilikuwa toleo la kuendeshwa kwenye kivinjari, si msimbo ambao mtu anaweza kuusoma na kuurekebisha. Domeini, yaani anwani yetu ya mtandaoni, ilisajiliwa kwa jina la mfanyakazi wao. Seva, kompyuta ambayo mfumo unakaa juu yake, ililipiwa kwa kadi yao. Malipo ya seva yalipokatika, mfumo ukazima siku mbili, tukarudi kwenye daftari, na nakala rudufu hakuna aliyewahi kuichukua.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kampuni yoyote sasa ni hili: tukiachana kesho, mimi nabaki na nini mkononi? Kampuni nzuri haikasiriki ukiuliza hivyo. Inakujibu papo hapo, kwa sababu ilishajibu wengine.

Hapa kuna jambo wengi hatulijui. Katika nchi nyingi, Marekani na Uingereza zikiwemo, kumlipa mkandarasi wa nje hakukupi hakimiliki ya msimbo aliouandika. Inabaki kwake mpaka kuwe na maandishi yanayoihamishia kwako. Bila hayo, unaweza kuwa umelipa kila kitu na bado huna ruhusa ya kumpa fundi mwingine auendeleze. Hicho kipengele kisomwe na mwanasheria, na kiseme uhamisho unatokea kila awamu inapolipwa, si mwisho wa mradi. Mradi ukifa katikati, angalau ulicholipia ni chako.

Msimbo wenyewe ukae kwenye hifadhi ya Git iliyofunguliwa kwa akaunti ya kampuni yako tangu siku ya kwanza, wao uwaalike. Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, huandika kila badiliko: nani, lini, amegusa nini. Huhitaji kujua kuandika programu ili unufaike nayo. Mimi hufungua kila Jumatatu, naangalia tarehe na majina. Wiki mbili zikipita kimya, napiga simu. Jina moja tu likijirudia wakati nimeahidiwa watu wanne, nauliza wengine wako wapi. Domeini, seva, na akaunti za Apple na Google kama utakuwa na programu ya simu, vyote vifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni yako. Ada ya Google ni ya mara moja, ya Apple ni ya kila mwaka, lipa mwenyewe.

Kuhusu jina kubwa, usilale ukidhani ukubwa ni kinga. HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kujiandikisha bima ya afya, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013 ikiwa na wakandarasi wengi nyuma yake, na siku hiyo ya kwanza watu 6 tu waliweza kukamilisha kujiandikisha. Kazi iligawanywa vipandevipande bila mmoja wa kuiunganisha na kuibeba yote, na majaribio ya mfumo mzima yakabanwa mwishoni. Kwenye mradi mdogo kama wako shida ya kampuni kubwa huwa nyingine: kikaoni wanakuja mabingwa, kazi anapewa mgeni. Omba kuzungumza na mtu mwenyewe atakayeandika, jina lake liingie kwenye mkataba, na wakimbadilisha wakupe taarifa.

Na ile bei ya chini, usiikatae kwa sababu ni ya chini. Isome inakosa nini. Mara nyingi haina majaribio, haina kuhamisha data ya zamani, haina matengenezo baada ya kukabidhi. Kuhamisha data peke yake kulituchukua wiki tano, maana bidhaa moja ilikuwa imeandikwa kwa majina matatu tofauti kwenye majedwali yetu. Omba kampuni zote tatu zijaze orodha moja ya kazi uliyoiandika wewe, ndipo bei zitalinganishika.

Mara ya pili nilifanya hivi. Nilichukua kampuni mbili nilizozipenda, nikazipa kila moja kazi ndogo ileile ya wiki mbili, kwa malipo kamili: sehemu ya kupokea mzigo stoo, basi. Moja ikaleta kitu kizuri kwa macho. Nyingine ikamtuma dada mmoja mwandika programu, akakaa kwenye stuli pembeni ya mtunza stoo asubuhi nzima, anaangalia tu. Kufika saa sita akauliza: "Mteja akirudisha nusu ya mzigo na nusu ameshauza, mnaandika wapi?" Mtunza stoo akanyamaza, akafunua daftari ukurasa wa mwisho, ambako alikuwa anaandika hayo kwa penseli. Hata mimi mwenye biashara sikujua ukurasa huo upo. Nilisaini nao wiki iliyofuata, na mfumo wao ndio tunaoutumia hadi leo.

Ndiyo maana hiyo kampuni yako ya tatu yenye maswali kurasa mbili, naipa uzito. Yasome vizuri maswali yake. Kama yanahusu kazi yako inavyokwenda, marejesho, punguzo, nani anaruhusiwa kufuta oda, hao wanafikiri. Kama yanahusu rangi na nembo, ni kurasa mbili za bure.

Malipo yagawanye. Mimi nililipa asilimia 20 mwanzoni, zilizofuata kwa awamu za wiki mbili, kila awamu ikiisha na kitu ambacho wafanyakazi wetu wanakigusa wenyewe, na asilimia 15 ikabaki mpaka siku 60 za matumizi halisi ziishe. Bei moja ya jumla inafaa kazi ndogo iliyo wazi. Kazi ambayo bado hujaijua yote, bei ya jumla italeta ugomvi kila ukitaka badiliko.

Wakikupa majina ya wateja wao, piga simu, ila usiulize kama wameridhika. Uliza mara ya mwisho mfumo ulipogoma ilikuwa lini na ilichukua saa ngapi mtu kushika simu. Halafu omba mteja mmoja ambaye aliachana nao. Mimi huyo ndiye aliyenisaidia kuliko wote: aliniambia walimkabidhi kila kitu ndani ya siku nne.

Ukipata rasimu ya mkataba, futa majina na bei uibandike hapa, nitaipitia nawe kipengele kwa kipengele. Na usiku huuhuu angalia domeini unayotumia sasa imesajiliwa kwa jina la nani.