"Nimfuate tu?"

Swali: Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, Nairobi. Binti mmoja ameniomba nimsindikize kwa kinanda kwenye mtihani wa kuimba, gredi ya 5, wa ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki. Huchelewa mwisho wa mistari, na juzi aliruka kipimo kizima cha mapigo. Nishike mwendo wangu au nimfuate tu?

Jibu: Ndugu yangu, hilo "nimfuate tu" nalisikia kila msimu wa mitihani, na limeharibu waimbaji wengi. Ukingoja usikie sauti yake ndipo ubonyeze, umeshachelewa. Naye akikusikia umechelewa anakungoja, basi wimbo unazidi kuzama.

Jifunze maneno yake yote, uyaimbe mwenyewe huku ukipiga. Hapo utajua anavuta pumzi wapi, nawe uvute naye. Tena, huenda kuchelewa kwake kunatoka kwako. Utangulizi ukiupiga polepole, pumzi inamwishia kabla ya mstari kuisha. Kabla hujagusa kinanda, imba kimoyomoyo ule mstari wake mrefu kuliko yote, kisha anza kwa mwendo huo huo.

Akiruka kipimo, ruka naye. Usirudi kuokota ulichoacha. Shika besi, zile noti za chini za mkono wa kushoto, mpaka mkutane. Sehemu ikikushinda vidole, ABRSM wanakuruhusu kuirahisisha, mradi ibaki muziki.

Wanaonikera hasa ni wapigaji wanaopokea hela wiki nzima kabla, halafu nota wanaifungua asubuhi ya mtihani. Wamezoea kitufe cha kinanda cha umeme cha kupandisha au kushusha wimbo, wakikuta piano halisi chumbani wanatoa macho. Nilimwona msichana akianzishiwa wimbo chini mno kwa sababu mpigaji alikuja na toleo lake mwenyewe. Noti za chini zilimtoka kama mnong'ono. Nyimbo za mtunzi Schubert, kwa mfano, huchapishwa kwa sauti ya juu, ya kati na ya chini. Kumuuliza mwalimu wake ni toleo gani ni kazi ya dakika moja, na ni kazi yako. Wewe utatoka chumbani ukimaliza kusindikiza, maana kanuni haikuruhusu kubaki. Yeye atabaki na mtahini, na alama zitaandikwa kwa jina lake.

Kama huwezi kupata walau mazoezi matatu naye kabla ya siku yenyewe, mwambie leo, apate muda wa kutafuta mwingine.