Nataka kurudi Mombasa ya masika peke yangu, kaka hataki

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 51. Mimi na marehemu mume wangu tulipanga nyumba Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, miaka mitatu, na mwezi tulioupenda kuliko yote ni wa tano, mvua inaposhika. Tangu afariki sijakanyaga Mombasa. Mei hii nataka kwenda, niendeshe Vitz yangu mwenyewe kutoka Nairobi. Kaka yangu anasema nimechanganyikiwa, nipande treni kama watu. Mimi naogopa jingine: nisije nikafika nikakuta si mji ule. Niende? – Mpenda Masika*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa.

Nenda. Hofu ya kaka ni ya barabara, na hapo ana haki yake. Treni ni nzuri, lakini haikungoji Makindu ukitaka kulia kidogo kisha unywe chai. Basi tuitengeneze hiyo safari ya gari hadi kaka akose la kusema.

Anza na matairi, wiki mbili kabla. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita mpira umekauka, halishiki lami iliyolowa hata kama kashata zake bado zinaonekana. Pima kina cha mifereji yake kwa rula. Chini ya milimita 3, badilisha. Mifereji hiyo ndiyo inayosukuma maji pembeni. Ikiisha, gari linaelea juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi. Likikutokea hilo usikanyage breki. Inua mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, ungoje tairi liguse lami. Mpira wa waipa nao hukaushwa na jua: mwagia kioo maji, upitishe mara moja, na ukiacha mistari nunua mwingine. Kagua spea ina upepo, na jeki ipo.

Njia ni kama kilomita 480. Kwa kilomita 15 kwa lita, Vitz itakula lita 32 hivi. Jaza Nairobi, ongeza Voi. Toka saa kumi na mbili alfajiri, kunapopambazuka, usitoke gizani. Mtito Andei, ambako ni karibu nusu ya njia, utafika kwenye saa nne, Voi saa sita. Hapo Voi zima gari kituo cha petroli ulale dakika ishirini, hata kama hujisikii kuchoka. Kipande cha Voi hadi Mariakani kimenyooka, kina joto, na usingizi huwakamata watu hapo. Lengo ni kuwa kisiwani kabla ya saa kumi. Usiku usiendeshe kabisa: barabara inakata katikati ya Tsavo, ndovu huvuka, na mabasi hupita malori pasipo nafasi.

Unaweza kuondoka Voi kwa jua kali ukaikuta mvua Mazeras. Malori yamebonyeza lami ikafanya mifereji miwili, na maji hukaa humo. Ikinyesha sana endesha kando kidogo ya mifereji hiyo, kilomita 60 kwa saa zinatosha. Washa taa za mbele. Zile za hazadi ziache kwa gari lililosimama, maana ukiziwasha unapokwenda hakuna atakayejua unakata kushoto au kulia. Kioo kikifanya ukungu, washa AC na ufungulie hewa ya nje. Mjini ukikuta maji yamefunika barabara, tazama gari lililo mbele: yakifika nusu ya gurudumu lake, geuza. Injini ikizimika majini usipige stata tena, hata mara moja. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, na kinachopinda ni chuma cha ndani. Itisha watu wakusukume.

Sasa la moyo.

Mji umebadilika, nisikufiche. Ile njia ya Makupa uliyoizoea, ya kifusi kilichojazwa baharini, sasa ni daraja, tangu 2022. Lakini Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, ipo palepale, na viazi vya karai bado vinatoka kwenye mafuta jioni, ganda la manjano likivunjika mdomoni na ukwaju ukichuruzika vidoleni.

Kibokoni usiende siku ya kwanza. Utakuwa umechoka, na mtu aliyechoka huona ubaya tu. Lala, kula mahamri na mbaazi asubuhi, liache gari ulikofikia na upande tuktuk, kwani vichochoro vya Mji wa Kale havina nafasi ya kuegesha. Vaa viatu vyenye kamba. Kabro ikilowa, ndara huteleza. Jitande leso. Nenda baada ya Alasiri, watu wanapokaa barazani. Piga hodi, simama pembeni ya mlango, sema: hapa tulipanga na marehemu mume wangu, napita kuwaamkia. Chukua paketi ya tende, si mkono mtupu. Mlango ukigoma kufunguka usidhani wanakukataa: mbao hufura masika, huwa unasukumwa kwa bega. Wakikukaribisha kaa kidogo, usikie maji yakianguka kutoka kwenye mabati. Wasipokukaribisha shukuru, ukae barazani popote panapokupendeza, mvua ni ileile. Ukilia, watu wa pale hawatashangaa.

Jambo moja mnalolisahau watu wa bara: malaria. Pwani ipo, na kinga ya zamani hupungua ukikaa mbali. Muone daktari kabla ya safari, lala ndani ya neti, na homa ikikushika hata wiki tatu baada ya kurudi, mwambie daktari ulikuwa Mombasa kabla hajakuandikia dawa ya mafua.

Kaka mwambie saa utakazofika Mtito, Voi na Mariakani, umtumie ujumbe ukiwa umesimama kila mahali. Akikawia kuupata kwa saa moja, akupigie. Na kama ameshachoka kubishana, mwombe akague ile spea.