Spea za Vifaru Vidogo: Pima Kwanza, Ndipo Utafute

Mwaka juzi, upepo wa kusi ulipindua trei niliyokuwa nimeianika barazani kwangu Chumbageni, Tanga, na visahani vinne vya magurudumu ya kifaru changu cha plastiki vikaangukia mtaroni, visionekane tena. Kifaru chenyewe ni Type 59 ya skeli ya 1/35, yaani kila kipimo cha kifaru halisi kimegawanywa kwa 35; ni nakala ya Kichina ya T-54 ya Kisovieti, nami niliichagua kwa sababu vifaru vya aina hiyo vilitumiwa na jeshi letu katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Kila upande kina magurudumu matano, na kila gurudumu ni visahani viwili vilivyokaa mgongo kwa mgongo, hivyo jumla ni visahani ishirini. Ukivikosa vinne, huna kifaru. Una bodi yenye mzinga inayolala upande mmoja kama ngalawa iliyopwelewa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilimpata mtu wa nje ya nchi aliyekuwa akiuza mabaki ya boksi lake, yaani seti ya vipande vya kuunganisha, akanihakikishia kwamba ana magurudumu ya T-55 (kifaru kilichofuata T-54) ya skeli ya 1/35, na kwa kuwa magurudumu ya vifaru hivi viwili yanalingana kwa kipenyo, nikalipa. Baada ya wiki kadhaa bahasha ilifika, nikayaweka mezani kando ya yale yangu, na bila hata kutumia kipimo nikaona kwamba ni madogo. Muuzaji hakuniongopea kuhusu maandishi ya boksi. Boksi ndilo lililosema 1/35, lakini aliyechonga kalibu ya plastiki ile alikuwa na hesabu zake.

Tangu siku hiyo sitafuti spea yoyote kabla ya kuandika kwenye daftari ukubwa wa kitu halisi na kuugawa kwa 35. Gurudumu la T-54 lina kipenyo cha milimita 810, kwa hiyo katika skeli yetu linapaswa kuwa milimita 23.1. Mnyororo wake una upana wa milimita 580, yaani 16.6 kwetu. Upana wa kifaru kizima ni milimita 3,270, ambazo zinakuwa 93.4. Tundu la mzinga wa milimita 100 linapaswa kuwa chini kidogo ya milimita 3. Hesabu hizi huchukua dakika tano, nazo humwezesha mnunuzi kumwomba muuzaji jambo moja la maana sana: apige picha kifaa kikiwa ndani ya meno ya kalipa, kile kipimo cha kubania, namba ikionekana. Muuzaji anayekataa kufanya hivyo mimi humuaga kwa heshima. Asiyejali tofauti ya nusu milimita akumbuke kwamba katika skeli hii nusu milimita ni zaidi ya sentimita moja na nusu ya chuma halisi, na kwenye gurudumu jicho huiona.

Vipimo peke yake, hata hivyo, havitoshi ikiwa hujui unaunda gari gani hasa. Watu wengi huchanganya T-54, T-55 na Type 59 kwa sababu kwa mbali zinafanana kama watoto wa tumbo moja, na zote zina ile nafasi pana kati ya gurudumu la kwanza na la pili. Lakini T-54 na Type 59 zina kofia ndogo ya kupitishia hewa juu ya tureti, kile kichwa kinachozunguka chenye mzinga, upande wa kulia, ambayo T-55 haina. Minyororo nayo ina mtego wake. Mnyororo wa zamani wa vifaru hivi vya Kisovieti huvutwa na sproketi (gurudumu la meno) ya meno 13, na ule uliokuja baadaye, wenye mpira kuzunguka pini zake, huvutwa na sproketi ya meno 14. Nimemwona rafiki akinunua mnyororo mzuri wa chuma kwa bei ya kuumiza, kisha akagundua kwamba haukai kwenye sproketi zake kwa sababu ya jino moja. Hesabu meno kabla ya kuhesabu fedha.

Kuhusu picha za kujilinganishia, ninashauri msomaji atosheke na zile zilizokwisha kuchapishwa katika vitabu na majarida. Kwenda kupiga picha zana za kijeshi bila kibali si jambo la mzaha katika nchi yetu, na hakuna gurudumu la plastiki linalostahili usumbufu huo. Ukitumia michoro, usiiamini nakala ya mashine ya fotokopi mpaka uipime kwa urefu na kwa upana, kwani mashine nyingine huivuta karatasi upande mmoja. Mimi hupima gurudumu kwenye mchoro: likiwa 23.1 kwa wima na 23.6 kwa ulalo, mchoro huo ninautumia kutazama umbo tu.

Zipo njia za kununua ambazo hazina mashaka makubwa. Kwanza mwandikie mtengenezaji wa boksi lako, ukitaja herufi ya fremu (kile kiunzi cha plastiki kinachoshika vipande) na namba ya kipande, maana wapo wanaouza fremu moja moja. Kampuni ya Aber ya Poland hutengeneza mitutu ya metali iliyokerezwa, Friulmodel ya Hungaria hutengeneza minyororo ya metali nzito ambayo hulegea juu ya magurudumu kwa uzito wake yenyewe, jambo ambalo kifaru kisicho na magurudumu madogo ya juu kama T-54 hulihitaji sana, na Eduard ya Jamhuri ya Czech hutengeneza vipande vya bati jembamba. Maboksi ya T-54 na T-55 ya MiniArt ya Ukraine huwa na vipande vya aina zaidi ya moja, kwa hiyo aliyemaliza kuunda hubaki na vingine asivyovihitaji. Muulize kabla hajavitupa.

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kutumia fedha zangu kwa magurudumu yasiyofaa, hivyo nikaamua kutengeneza. Kisahani cha gurudumu ni bahati njema kwa anayeanza, kwa kuwa mgongo wake ni bapa na kalibu ya upande mmoja inatosha. Nilikibandika kisahani kizima juu ya kigae cha sakafuni kwa tone la gundi, nikakipaka mafuta ya mgando kwa brashi kavu kiasi cha kung'aa tu, kisha nikakizungushia ukuta wa plastisini. Silikoni maalumu ya kalibu sikuipata mjini, kwa hiyo nilitumia silikoni ya mafundi wa vioo, ile yenye harufu kali ya siki. Tabaka la kwanza nililipaka jembamba kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, nikilisukuma ndani ya kila kona, na nikaliacha likauke. Tabaka la pili nililichanganya na konflawa, kwa maana unga huo hubeba unyevu unaoifanya silikoni nene ikaze ndani pia badala ya kukaza juu tu na kubaki uji katikati. Mchanganyiko huo hukaza kwa haraka, kwa hiyo changanya kidogo, nje ya nyumba, pua ikiwa mbali na bakuli.

Resini ya kwanza, yaani majimaji ya kumimina ndani ya kalibu yakakauka kuwa kipande kigumu, niliipata kwa mafundi wanaoziba mashua za faibaglasi. Hiyo ni poliesta, nami naomba msomaji anisikilize vizuri hapa: isiguse kamwe plastiki yako ya asili ikiwa bado majimaji, kwa sababu inayeyusha polistireni. Ndani ya kalibu ya silikoni haina neno. Tatizo lake ni kwamba husinyaa inapokauka, na ukiongeza hadena kwa pupa hupata joto, ikapasuka na kusinyaa zaidi. Visahani vyangu vya kwanza vilitoka na milimita 22.6. Nilipohamia kwenye epoksi ya kukauka polepole, nikaipaka kwanza kwa kijiti ndani ya mapambo yote ili viputo vya hewa visibaki, kisha nikajaza na kuacha usiku kucha, nilipata 22.9, na hapo nikaridhika.

Watu walionitangulia huisifu sana resini ya poliyurethani, na ni kweli kwamba hukaza kwa dakika chache na kusinyaa kidogo mno. Sisi wa pwani tuiogope. Hunywa unyevu wa hewa na kutoa gesi, na chupa iliyofunguliwa wakati wa masika hapa Tanga ilinipa vipande vilivyojaa matundu kama maandazi. Unyevu huohuo huifanya supaglu ikauke upesi kuliko unavyotaka na kuacha ukungu mweupe juu ya plastiki, kwa hiyo gundi ya kuyeyusha plastiki ndiyo ninayoitumia popote inapowezekana.

Vipande vingine havihitaji kalibu wala bahasha kutoka ng'ambo. Eriali ya redio iliyovunjika ni hazina, kwa kuwa mabomba yake huingiana, kila moja likiwa jembamba kuliko lililotangulia. Ukiwa na kalipa hukosi moja linalofaa kwa mtutu au kwa kishikio cha taa. Sindano mpya ya famasi ya geji 21 ina unene wa nje wa milimita 0.8 na tundu lake tayari, ikawa mtutu mzuri wa bunduki ndogo baada ya kukatwa ncha kwa tupa. Vikombe vya mtindi vyenye namba 6 chini yake ni polistireni ileile ya boksi lako, hukatika kwa wembe na kushika gundi vizuri. Vyenye namba 5 usijisumbue navyo. Mabaki ya fremu yakipashwa juu ya mshumaa na kuvutwa huwa nyuzi nyembamba za antena. Pengo dogo mimi hulijaza kwa supaglu na poda ya mtoto, kisha msasa kabla haijawa ngumu kama jiwe.

Uchapishaji wa pande tatu nimeutumia mara moja tu, kwa kumtumia kijana wa Dar es Salaam faili nililolinunua. Lilikuwa limechorwa kwa skeli ya 1/72, naye alilikuza hadi asilimia 206 kama hesabu inavyodai, lakini vishikio vilivyokuwa vimenenepeshwa ili visivunjike katika udogo vilikua pamoja na vingine na vikaonekana kama mabomba ya maji. Nunua faili lililochorwa kwa skeli yako.

Kuhusu visahani vyangu: kati ya vinne vilivyopotea, viwili vilikuwa vya nje na viwili vya ndani. Nilivihamishia nje viwili vya ndani vya asili, ambavyo tofauti yao ilikuwa kile kifuniko cha katikati tu, nacho nilikinakili kwa tone la epoksi. Nakala zangu nne zote zimekaa ndani, zikiwa fupi kwa sehemu ya kumi ya milimita kila upande, kwa hiyo hazibebi kitu. Kifaru kinasimama juu ya plastiki ya asili, na ukipitisha kipande cha karatasi ya sigara chini ya nakala yoyote kinatoka upande wa pili bila kukwama.